Kiwanja Hakina Mnara: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Upepo na Upande wa Kutua

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa urubani, marubani wapya wa safari za mbugani na visiwani, na wafanyakazi wa kambi wanaopokea ndege kwenye viwanja vya changarawe. Abiria mdadisi naye ana swali lake humu. Hauchukui nafasi ya mwalimu wako wala ya kitabu cha ndege yako.

Kama hakuna mwongoza ndege, nani anaamua ndege itue upande gani?

Rubani mwenyewe. Kanuni za anga za kimataifa, Kiambatisho cha 2 cha ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga), zinamtaka atue na kuruka akiukabili upepo, isipokuwa pale ambapo usalama, umbo la njia ya kurukia au ndege nyingine zilizo karibu zinafanya upande mwingine uwe bora. Wengi wanakariri nusu ya kwanza ya kanuni hiyo na kuisahau ya pili, na maswali mengi hapa chini yametoka kwenye hiyo nusu ya pili.

Na usidhani hili ni jambo la porini tu. Marekani ina viwanja vya umma takriban 5,000, na vyenye mnara wa waongoza ndege ni kama 500. Vilivyobaki vyote marubani wanapangana wenyewe kwa macho na redio.

Kwa nini lazima ndege iukabili upepo? Jahazi si huupenda upepo wa nyuma?

Jahazi linasukumwa na upepo. Ndege inabebwa na hewa inayopita juu ya bawa. Bawa halijali ardhi inakwenda kasi gani chini yake. Likihitaji hewa ipite kwa noti 60, noti hizo zitapatikana iwe upepo unatoka mbele au nyuma. (Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, karibu kilomita 1.85.) Kinachobadilika ni kasi ambayo magurudumu yanagusa nayo ardhi.

Chukua upepo wa noti 10. Ukiukabili, unagusa ardhi kwa noti 50. Ukiupa mgongo, unagusa kwa noti 70. Tofauti inaonekana ni 20 tu, lakini nguvu ambayo breki zinapaswa kuimaliza inakua kwa mraba wa kasi: 50 mara 50 ni 2,500, na 70 mara 70 ni 4,900. Karibu maradufu, kwa ndege ileile, siku ileile, kiwanja kilekile.

Namba 09 na 27 kwenye njia ya kurukia zina maana gani?

Ni mwelekeo wa dira, umekadiriwa hadi kumi iliyo karibu na sifuri ya mwisho ikaondolewa. Njia 09 unaipita ukielekea nyuzi 90, yaani mashariki. Ncha ya pili ya lami hiyohiyo ni 27, magharibi. Tofauti ya ncha mbili huwa 18 daima.

Upepo nao hutajwa kwa kule unakotoka. Kwa hiyo ukisikia upepo wa 080 na njia ni 09/27, tumia 09. Namba ya upepo na namba ya njia zikikaribiana, uko salama kimahesabu. Waliojenga viwanja walilijua hili: njia ya Zanzibar ni 18/36, kusini na kaskazini, na kila Mzanzibari anajua pepo gani mbili zinatawala mwaka wake. Kilimanjaro ni 09/27. Nairobi, Jomo Kenyatta, ni 06/24, na muda mwingi utaziona ndege zikitumia 06 kwa sababu upepo wa huko unapenda kutoka upande wa mashariki.

Viwanja vingi vya mbugani havijaandikwa namba yoyote chini. Utaikuta kwenye chati au kitabu cha viwanja, au utaipata mwenyewe kwa dira ukiwa juu.

Mfuko wa upepo unasomwaje?

Mdomo mpana uko upande upepo unakotoka. Mkia unaonyesha unakokwenda. Unatua ukiingia kutoka upande wa mkia, pua ikielekea mdomo.

Ukubwa wake si wa kubahatisha. ICAO inapendekeza urefu usiopungua mita 3.6 na mdomo wa angalau sentimita 90, na rangi zinazosomeka kutoka mita 300 juu. Mifuko mingi ina mistari mitano, kwa mfano rangi ya chungwa na nyeupe. Ile iliyotengenezwa kwa viwango vya Marekani hunyooka kabisa upepo ukifika noti 15, ndiyo maana marubani huhesabu noti 3 kwa kila mstari ulionyooka. Ni makadirio. Mfuko uliolowa mvua ni mzito na unadanganya kwa kushuka. Uliochakaa na kutoboka unadanganya vilevile.

Muhimu kuliko kipimo ni kuutazama kwa muda. Mtazamo mmoja wa haraka kutoka dirishani ni kama kumuuliza mtu swali na kuondoka kabla hajajibu. Saa saba mchana mbugani, joto linapanda kwa mafungu, na kila fungu linavuta hewa ya pembeni yake. Mfuko unaweza kuonyesha mashariki, ukalala, kisha ukaonyesha kusini, ndani ya dakika moja. Tafuta upande unaorudiwa.

Mfuko umechanika, au umebaki mlingoti mtupu. Nifanyeje?

Moshi ndiyo rafiki wa kwanza: jiko la kambi, shamba linalochomwa, takataka. Moshi uliolala chini unaonyesha upepo una nguvu. Uliosimama wima, hakuna upepo. Vumbi la gari linalokwenda barabarani linafaa pia, ila ukumbuke gari lenyewe linavuta vumbi nyuma yake, kwa hiyo tazama vumbi linakoelea baada ya gari kupita. Kwenye bwawa au ziwa, maji laini yasiyo na viwimbi huwa upande wa ufuko ambao upepo unatokea, kwa sababu ufuko umeyakinga. Ndege wa manyoya nao huruka wakiukabili upepo, na hawajasoma kanuni yoyote.

Usitumie vivuli vya mawingu. Vinakuonyesha upepo wa juu, ambao unaweza kuwa tofauti kabisa na wa ardhini.

Ukiwa na GPS, zunguka duara moja kwa kasi isiyobadilika ya kipima-mwendo cha hewa na uangalie kasi ya ardhini. Mahali inaposhuka zaidi, pua yako inaukabili upepo wa kimo hicho. Kadiri unavyofanya hivyo chini zaidi, ndivyo jibu linavyokaribia ukweli wa njia ya kurukia.

Je, naweza kutumia taarifa ya hali ya hewa ya uwanja mkubwa ulio karibu?

Kwa kujiandaa, ndiyo. Kwa kuamua, hapana. Kilomita 60 kutoka hapo kuna mlima, bonde au ziwa, na kila kimoja kina upepo wake.

Hapa ndipo ninapoona marubani wapya wakijifunga kamba. Anasoma taarifa asubuhi, anajiambia "leo ni 09", anapanga mteremko wake wote kwa 09, na anapofika hatazami mfuko ili ajue; anautazama ili athibitishiwe. Mfuko uliolegea ukining'inia anausoma kuwa unakubaliana naye. Dawa ni ndogo: panga pande zote mbili kabla ya kuondoka, pamoja na vizuizi vya kila ncha na njia ya kupanda tena endapo hutatua, ili kubadilisha upande kusikugharimu chochote kichwani.

Wenyeji wa kambi wananipa upepo kwa simu au redio. Niwaamini?

Waamini, lakini uliza vizuri. "Upepo unaenda wapi?" na "upepo unatoka wapi?" ni maswali mawili, na mtu aliyesimama juani akiwa na wageni wanane na mizigo anaweza kujibu lolote kati ya hayo. Uliza kwa vitu anavyoviona: "Mkia wa mfuko unaelekea mtoni au mlimani? Umenyooka au umelegea?" Jibu la hapo halina utata.

Kwa ninyi mlio chini: mkipita na gari kufukuza swala na pundamilia njiani, tazameni mfuko mara mbili, mwanzo wa mzunguko na mwisho. Ukiwa umegeuka kati ya hizo mara mbili, mwambieni rubani. Taarifa hiyo ina thamani kuliko mnavyodhani.

Upepo uko pembeni, si mbele wala nyuma. Nachaguaje?

Chagua ncha yenye hata chembe ya upepo wa mbele, kisha pima kama upepo wa ubavuni unaumudu. Hesabu ya haraka: upepo ukiwa nyuzi 30 kutoka kwenye njia, nusu yake unakupiga ubavuni. Nyuzi 45, kama asilimia 70. Nyuzi 60 na zaidi, uhesabu wote. Mfano, njia ni 09, upepo ni 120 kwa noti 14: pembe ni nyuzi 30, ubavuni ni noti 7, mbele unabaki na noti 12. Hiyo ni siku nzuri.

Cessna 172, ndege ndogo ya mafunzo, ilionyeshwa kumudu noti 15 za ubavuni kwenye majaribio ya kiwanda, na Cessna Caravan, iliyo kubwa zaidi, noti 20. Hizo ni namba za ndege zikiwa mikononi mwa rubani wa majaribio. Namba yako wewe unaijua wewe na mwalimu wako.

Na kama hakuna upepo kabisa?

Basi mambo mengine yanapata sauti. Jua kwanza: kwenye njia ya mashariki-magharibi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi ukitua 09 unaingia na jua machoni, na nyati aliyelala katikati ya njia humwoni hadi umechelewa. Halafu mteremko, miti ya ncha moja, upande mkavu wa njia baada ya mvua (udongo mweusi wa mbugani hunata magurudumu vibaya), na muhimu kuliko yote, upande ambao wenzako wanautumia tayari.

Baadhi ya viwanja vya Marekani vimetangaza upande maalumu wa siku ya utulivu. Ni desturi nzuri inayostahili kuigwa: kila mtu akijua kwamba bila upepo tunatumia upande fulani, hakuna wa kukutana na mwenzake pua kwa pua.

Upepo wa nyuma wa noti tatu nne tu, nikitua moja kwa moja nitaokoa dakika tano. Kuna ubaya?

Fungua kitabu cha ndege yako kwanza. Kile cha Cessna 172 kinakupunguzia asilimia 10 ya umbali kwa kila noti 9 za upepo wa mbele, lakini kinakuongezea asilimia 10 kwa kila noti 2 za upepo wa nyuma, na hakitoi hesabu yoyote zaidi ya noti 10. Tazama jinsi mizani ilivyoelemea upande mmoja. Noti nne za nyuma zinakuongezea asilimia 20 ya umbali.

Ongeza kimo. Seronera, katikati ya Serengeti, iko zaidi ya futi 5,000 juu ya bahari. Kwa joto la nyuzi 28 hapo, hewa ni nyembamba kama ya futi karibu 7,800. Kipima-mwendo kitakuonyesha namba zilezile ulizozoea Dar es Salaam, lakini kasi yako halisi juu ya ardhi imezidi kwa zaidi ya asilimia 10 kabla hata upepo haujahesabiwa. Changarawe, nyasi na maji vina asilimia zao pia. Kila kimoja peke yake ni kidogo. Vikikutana kwenye njia ya mita 900, dakika tano ulizookoa utazitumia kutazama kichaka cha mwisho kikikua mbele ya kioo.

Njia ina mteremko, na upepo unanitaka nitue nikishuka. Kipi kishinde?

Mamlaka ya anga ya Uingereza ina makadirio yanayosaidia: mteremko wa asilimia 2 ulio dhidi yako unaongeza umbali kwa kama asilimia 10, wakati upepo wa nyuma unaolingana na asilimia 10 ya kasi ya kuruka unaongeza asilimia 20. Kwa ndege inayoruka kwa noti 55, asilimia 2 za mteremko ni sawa na kama noti 3 za upepo wa nyuma. Kwa hiyo kwenye mteremko mdogo upepo ndio bwana, na ukizidi noti chache usibishane nao. Ili kuupata mteremko, gawanya tofauti ya kimo cha ncha mbili kwa urefu: mita 16 kwenye njia ya mita 800 ni asilimia 2.

Miteremko mikali ni habari nyingine. Lukla, Nepal, njia ina mteremko wa kama asilimia 12 na mlima umekaa mwisho wake: wote hutua wakipanda, 06, na kuruka wakishuka, 24. Upepo pale hauamui upande. Unaamua kama leo kuna safari au hakuna. Viwanja vya milimani vya aina hiyo, vya upande mmoja, viko pia Kongo na kwingineko ambako ndege za misheni hufika. Usiende bila kupelekwa kwanza na anayekijua kiwanja.

Nimefika, mfuko unasema 09, lakini mwenzangu aliye kwenye mzunguko (njia ya angani ya kuzungukia kiwanja kabla ya kutua) anatumia 27. Nani abadilike?

Mwongee kwanza. Huenda ameona kitu hujakiona: tembo kwenye ncha ya 09, au mfuko uliokwama kwenye waya. Huenda pia hakuutazama. Mweleze unachokiona bila kumfokea, na mara nyingi mmoja wenu atabadilika bila ubishi. Kama upepo ni mdogo na 27 ndani ya uwezo wa ndege yako ni salama, mfuate. Kama si salama kwako, subiri pembeni na juu hadi atue. Jambo moja tu halikubaliki, ninyi wawili kuingia kila mmoja kwa ncha yake mkitegemea mwenzenu atasogea.

Aliye chini zaidi ndiye mwenye haki ya kutua, lakini kanuni hiyohiyo inakataza kuitumia kumkatia mwenzako mbele. Puto la hewa moto, ambalo alfajiri utalikuta Serengeti na Maasai Mara, lina haki kuliko wewe. Haliwezi kugeuka.

Redioni kimya. Ina maana niko peke yangu?

Hapana. Ina maana hujasikia mtu. Mwenzako anaweza kuwa kwenye masafa mengine, redio imekufa, au sauti yenu imegongana.

Quincy, Illinois, tarehe 19 Novemba 1996. Kiwanja hakina mnara na kina njia zinazokatana. Ndege ya abiria aina ya Beech 1900 ilikuwa inatua njia 13, na marubani wake wakauliza redioni kama ndege iliyopo kwenye njia 04 itasubiri. Wakasikia jibu. Aliyejibu hakuwa rubani wa King Air, ndege ya injini mbili iliyokuwa imejipanga kuruka kwenye njia hiyo ya 04. Alikuwa rubani wa ndege ndogo iliyokuwa nyuma ya King Air, na mazungumzo hayo yalikatizwa na mlio wa onyo wa ukaribu wa ardhi ndani ya ndege ya abiria. King Air ikaruka. Zikagongana kwenye makutano ya njia, na watu wote 14 wa ndege mbili wakafa. Wachunguzi waliwalaumu waliokuwa kwenye King Air kwa kutofuatilia masafa na kutotazama ipasavyo.

Siku hiyo hakuna aliyekuwa na upande mbaya wa upepo. Kwa hiyo kwenye kiwanja chenye njia mbili, kuchagua njia sahihi hakujakumalizia kazi. Inabidi ujue nani amechagua nyingine.

Niseme nini redioni, na lini?

Taja jina la kiwanja mwanzo na mwisho wa kila tangazo, kwa sababu masafa mamoja yanaweza kuhudumia viwanja kadhaa na mtu wa kilomita 40 akadhani unamzungumzia yeye. Kisha aina ya ndege, uko wapi, kimo, na namba ya njia unayokusudia. Anza kilomita 15 hadi 20 kabla, na urudie kila unapobadilisha mkono wa mzunguko. Ukibadilisha njia, sema waziwazi kwamba umebadilisha. Namba mpya ikitajwa kimyakimya, aliyesikia ya zamani hataigundua.

Ile tabia ya kuwaomba wote walio eneoni wajitambulishe, mamlaka ya Marekani imeikataa rasmi. Wote wakijibu kwa pamoja unasikia mlio tu.

Upepo hubadilika vipi kwa saa na kwa msimu?

Pwani, kaskazi ni ya Desemba hadi Machi hivi, kusi inashika takriban Mei hadi Septemba, na katikati kuna maleleji ambapo upepo hauna msimamo. Juu ya hayo kuna upepo wa kila siku: mchana bahari inapeleka hewa nchi kavu, usiku na alfajiri nchi kavu inairudisha. Ziwa Victoria linafanya hivyohivyo, na kiwanja cha ufukweni ulichotua asubuhi kwa ncha moja kinaweza kukudai nyingine alasiri. Mabondeni, jua likipanda hewa hupanda mlima, jioni hushuka.

Wingu kubwa la mvua linavunja ratiba yote. Hewa baridi inayoporomoka kutoka humo hutambaa ardhini ikitangulia mvua, wakati mwingine kwa zaidi ya kilomita 15, na mfuko unageuka nyuzi 180 ukiwa umenyooka. Ukiliona pazia la vumbi linakuja, usichague njia yoyote. Kaa mbali, subiri lipite.

Mimi ni abiria. Mbona rubani amepita juu ya kiwanja bila kutua? Kuna tatizo?

Kwa kawaida hakuna. Anatazama mfuko, wanyama, madimbwi na ndege nyingine, akiwa juu ya kimo cha mzunguko, halafu anashuka na kujipanga. Rubani anayefanya hivyo ndiye wa kupanda naye tena.

Nimeshajipanga kutua, mfuko unageuka mbele ya macho yangu.

Ongeza nguvu, panda, tangaza kwamba hutui, zunguka upya. Ukiwa umeshagusa na mwendo unapungua, baki chini na uendelee na breki. Kuruka tena na upepo wa nyuma kwenye njia iliyobaki nusu ni kubaya kuliko kuingia majanini polepole. Kati ya hali hizo mbili kuna sekunde chache zisizo na jibu la jumla, kwa hiyo chagua mapema alama moja kando ya njia, kichuguu au jiwe lililopakwa chokaa, na uamue kabisa kwamba usipokuwa umegusa ardhi ukiifikia, unapanda.